Miguu Minne Juu ya Longonot

Mtoto wa kwanza kunipita alikuwa amefunga sweta ya shule kiunoni na kuvaa viatu vya mpira. Alikuwa anatafuna mandazi. Alinitazama pale nilipokuwa, mikono na magoti vyote ardhini, akasema, "Pole, anko," kwa adabu kabisa. Kisha akanizunguka kupitia upande wa shimo la volkano, upande ambao mimi hata kuutupia jicho nilikuwa sitaki, akaenda zake. Nyuma yake walikuwa wengine kama thelathini. Kila mmoja alinipa pole yake.

Mimi ni fundi wa paa. Nimeezeka nyumba Nakuru kwa miaka kumi na tisa: Bahati, Lanet, Kiamunyi, Njoro, na London pia, namaanisha London yetu hii. Nimewahi kusimama ghorofa ya nne juu ya mbao ya inchi mbili, simu sikioni, nikibishana na mwenye duka aliyeniletea misumari isiyo na kofia. Kwa hiyo suala la mimi kupiga magoti juu ya Mlima Longonot mbele ya darasa zima linahitaji maelezo. Nyumbani nimeulizwa vya kutosha, basi naandika hapa mara moja, anayetaka asome.

Aliyenipeleka ni mpwa wangu. Ana miaka ishirini na mbili, na mimi humwita Mama kwa sababu alirithi jina la mama yangu, naye akitaka kunigombeza anajua kulitumia jina hilo. Huko chuoni amejiunga na kikundi cha wapanda milima. Krismasi iliyopita tulikuwa tumekaa nje tukichoma nyama, mimi nikisimulia, kama kawaida yangu, jinsi vijana wa siku hizi wanavyoogopa kupanda ngazi. Akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mjomba, wewe ukiwa juu ya nyumba huwa hushiki kitu. Kuna mahali nitakupeleka, na utashika." Watu wakacheka. Mimi pia nilicheka, nami ndiye niliyecheka zaidi.

Safari yenyewe haina hadithi. Stejini saa kumi na moja alfajiri, matatu hadi Naivasha, nyingine ya barabara ya chini inayoelekea Mai Mahiu, tukashuka mji wa Longonot, boda hadi langoni. Kiingilio unalipa kwa simu kupitia eCitizen, mtandao wa huduma za serikali. Ukija na noti utarudi nazo. Beba maji, lita tatu kila mtu, maana mlima huo hauna tone. Na usichelewe kuanza. Sababu nitaisema mbele.

Kutoka langoni hadi ukingo wa shimo ni kilomita 3.1, na hapo ndipo watu wengi huishia. Twiga walikuwa wamesimama kati ya miti ya miiba kama nguzo za stima zilizosahauliwa, na sisi tukapita. Njia ni vumbi jepesi, karibu jeupe, lile la kuingia ndani ya soksi na kukaa. Mvua na miguu ya watu imechimba mifereji ndani yake, mingine unatembea humo kuta zikiwa zimekufika kiunoni. Nikaokota jiwe la ukubwa wa ngumi, na mkono ukapaa wenyewe. Lilikuwa jepesi kama mkate. Nililitambua: ni lile jiwe la kusugulia visigino, ambalo mama yangu, yule wa kwanza, aliliweka dirishani pa bafu miaka yote. Kumbe ni lava iliyotoka ikiwa na hewa tele ndani, ikapoa kabla ya hewa kutoka, kama povu lililogandia kwenye sufuria. Basi sehemu kubwa ya mteremko huo ni hayo na majivu.

Nilikuwa nimesoma kidogo kabla ya kwenda, kwa sababu mimi siezeki nyumba kabla ya kujua imejengwa juu ya nini. Wataalamu wa miamba wanasema mlima wa zamani ulibomoka kama miaka 21,000 iliyopita, na huu tunaoupanda leo ulijijenga ndani ya magofu ya ule. Mlipuko wake wa mwisho, kwa kufuata masimulizi ya Wamasai, unakadiriwa kuwa wa miaka ya 1860. Kisha nikakutana na jambo lililoninyima usingizi: vipimo vya setilaiti vilionyesha kwamba kati ya 2004 na 2006 Longonot iliinuka kama sentimita 9. Menengai yetu ya Nakuru, nayo ni volkano, ambayo mimi nimeiezekea nyumba miguuni pake, ilikuwa imeshuka kama sentimita 3 kati ya 1997 na 2000. Sentimita 9! Nyumba ikisogea hata sentimita moja mimi nabeba vifaa vyangu na kumwambia mwenyewe amtafute mwashi kwanza.

Nilimwambia Mama habari hiyo tukiwa njiani. Akasema, "Ndiyo maana tunaenda haraka."

Ukifika ukingoni, dunia inaisha mbele yako. Shimo limekaa hapo chini, kuta zake zimesimama wima, na sakafu yake imejaa msitu, miti iliyofungamana mpaka huoni udongo. Kwa juu inaonekana kama kunde zilizokauka chini ya sufuria. Hapa na pale kwenye kuta kuna mvuke unaotoka polepole, kama wa birika ambalo mtu amelisahau jikoni. Watu walikuwa wanapiga picha, wanakula ndizi, wanarudi. Mimi ningerudi nao bila malalamiko. Lakini kuzunguka ukingo wote ni kilomita 7.2, na Mama alikuwa tayari ameanza kutembea kuelekea kilele.

Kilele hicho kinaitwa Kilele Ngamia, mita 2,776. Si Kilele cha Ngamia, ni Kilele Ngamia. Hiyo "cha" nadhani iliangukia shimoni. Nalo jina la mlima lenyewe linatokana na Kimasai, Oloonong'ot, mlima wa migongo mingi yenye mteremko mkali. Wamasai hawakumficha mtu kitu.

Mwanzoni njia ni pana, watu wawili wanapishana bila kugusana mabega. Baadaye inaanza kupungua. Mgongo unapanda, unashuka, unapanda tena mkali zaidi, na kila unapopanda unakuwa mwembamba. Kuna mahali, machoni pangu, ulibaki upana wa bati moja lililolazwa chini. Upande mmoja ukuta wa shimo unaanguka moja kwa moja. Upande wa nje kuna mteremko wa majivu na vichaka, mkali kama paa la kanisa, unaokwenda hadi tambarare. Na juu ya hilo bati moja kuna changarawe inayosaga chini ya kiatu, kwa hiyo huwezi kusema unakanyaga mwamba na huwezi kusema unakanyaga udongo.

Nataka nieleze vizuri kilichonipata, kwa sababu watu wananiambia, "Uliogopa urefu." Siogopi urefu. Ninapokuwa juu ya nyumba, chini ya bati kuna mbao, na mbao hiyo niliipigilia mwenyewe, najua kila msumari uko wapi. Nikikanyaga nakanyaga kazi yangu. Pale Longonot nilikanyaga, kitu kikasogea, na wazo likanijia wazi kabisa, kama mtu amesema sikioni: hii nayo, nani aliipigilia?

Mwili ukafanya upumbavu. Ukaegemea upande wa nje, mbali na shimo. Sasa, kila kijana niliyewahi kumfundisha kazi amenisikia nikipiga kelele kutoka chini: simama wima, ukililalia bati litakutupa. Ukiwa umesimama wima, uzito wako unashuka kwenye kiatu na kiatu kinashika. Ukiegemea huku, miguu inasukumwa kule. Hili nimelisema mara elfu. Na pale nikaegemea kuelekea vichaka, na mguu wa kulia ukateleza kuelekea shimo. Haukuenda mbali, shibiri moja tu. Kijiwe kikatoka chini yake, kikagonga mara moja, mara mbili, halafu kimya. Nilitega sikio nisikie kikifika chini. Mpaka leo sijakisikia.

Hapo ndipo niliposhuka kwa magoti. Sikuamua. Nilijikuta nimeshuka. Na hapo ndipo watoto walipokuja.

Baada ya pole ya mwisho, mwalimu wao akiwa mkiani kabisa, jasho tele, akiwa ameshika filimbi kama msalaba, Mama alirudi akachuchumaa mbele yangu. Nilitarajia anicheke. Akasema, "Kushuka chini ni sawa, Mjomba. Kibaya ni kwamba umeshuka halafu mikono haina kazi. Umeishika changarawe. Changarawe haishikiki."

Ilikuwa kweli. Nilikuwa nimeikunja mikono kwenye vijiwe kama mtu anayekamata hela zilizomwagika.

Akanionyesha. Mbele yetu mgongo ulikatika kwa ngazi ya mwamba, jiwe la kijivu lililopasuka, urefu wa kifua changu, na juu yake nyingine, na nyingine. Kabla ya kushika, aligonga kwa kisigino cha kiganja. "Sikia." Jiwe la kwanza lilitoa sauti ya ko, fupi, imara. La pili, sentimita chache pembeni, lilitoa sauti ya tupu, kama mlango wa mbao laini. Nikainua kichwa. Sauti hiyo naijua! Hivyo ndivyo nagonga mbao za paa la zamani kabla ya kuzipanda, kujua mchwa wamekula kiasi gani. Nimewahi kukataa nyumba nzima kwa kugonga tu. Nikagonga mwenyewe lile la pili, nikalitikisa, likatoka lote mkononi kama jino la mtoto.

"Usilitupe," akasema haraka. Chini yetu kulikuwa na watu wawili wanakuja. Nikalilaza kando, ndani ya kijishimo ambamo lisingebiringika. Ukiangusha jiwe kwa bahati mbaya, unapaza sauti, "Jiwe!", bila kungoja kujua litampata nani. Hata hilo ni la mjengo, sisi tunaita "Chini!" nyundo ikitoroka.

Sheria nyingine ilikuwa ya viungo vitatu. Una mikono miwili na miguu miwili, na wakati wowote vitatu viwe vimeshika, kimoja tu ndicho kinasafiri. Mkono wa kushoto upande, utulie. Mguu wa kulia ufuate, utulie. Tena unavuta jiwe kuelekea chini, huvuti kuelekea kwako, kwa sababu jiwe lililokaa juu ya jingine likivutwa chini linakaa zaidi, na likivutwa nje linakuja kukusalimia. Na tumbo lako liache nafasi kati yake na mwamba, ndiyo uone miguu yako. Mimi nilitaka kuukumbatia. Mwamba ukiukumbatia, miguu inasukumwa nje, na tunarudi kwenye habari ya kuegemea.

Nilipanda ngazi ya kwanza kwa dakika ambazo sitazitaja. Ya pili ilikuwa na ufa uliokaa vizuri, vidole vinne vinaingia mpaka kwenye fundo, ukingo wake umechongeka lakini baridi na mkavu. Nilishika pale nikatulia. Ilikuwa mara ya kwanza tangu langoni kuamini kitu. Nakumbuka kulikuwa na mdudu mdogo mwekundu anatembea kandokando ya kidole changu, hana haraka, naye alikuwa na miguu sita iliyoshika.

Watu wa Nakuru na Nairobi wana msemo kwamba Longonot ni matembezi tu. Utausikia kwa kila mtu aliyewahi kwenda na kanisa lake. Msemo huu unaniudhi sasa. Sehemu kubwa ni matembezi, kweli. Lakini kuna hatua kumi hapa, ishirini pale, ambapo mlima unakutaka mikono, na mtu aliyeambiwa ni matembezi tu ataona aibu kuitoa. Atasimama wima kwa miguu miwili inayotetemeka kwa sababu nyuma yake kuna foleni na mbele yake kuna binti anapiga selfi. Mjengo nimewaona hao. Kijana anatembea juu ya mgongo wa paa mikono ikining'inia, mahali ambapo angekaa kitako akajisogeza, kwa sababu wenzake wako chini wanatazama.

Nami sijazaliwa na hekima hiyo. Nimeanguka mara moja katika kazi hii, na haikuwa kutoka ghorofa. Ilikuwa jikoni la nje la mtu, futi tisa, mkono mmoja umeshika kikombe cha chai kwa kuwa futi tisa si kitu. Mtulinga ukavunjika. Mwenye nyumba, nilipomwomba anisaidie na gharama za hospitali, alinijibu kwamba chai hakunywa yeye. Ilinichukua miaka kukubali kwamba alikuwa na hoja, ingawa mpaka leo sijamsamehe, na kile kikombe kilikuwa chake.

Kilele chenyewe ni kidogo, mahali pa watu kusimama na kibao cha kupigia picha. Upepo ulikuwa umeanza. Kaskazini-magharibi ziwa Naivasha limelala, na kandokando yake mapaa ya plastiki ya mashamba ya maua yanang'aa. Macho yangu yalikwenda huko moja kwa moja, ekari kwa ekari za paa ambalo halina hata msumari mmoja wangu. Mvuke wa Olkaria, kwenye mitambo ya umeme wa jotoardhi, ulikuwa unapanda. Milima pande zote: Suswa kusini, Nyandarua mashariki, Mau magharibi. Mama alinipa chungwa. Hatukuongea sana.

Nilidhani kazi imekwisha. Kushuka upande wa pili kulikuwa kugumu zaidi, kwa kuwa sasa macho yanaona kila kitu ambacho wakati wa kupanda kilikuwa nyuma ya mgongo. Mbele yetu watu walikuwa wanashuka ngazi za mwamba wakiwa wameupa mlima kisogo, wanateleza kwa makalio, suruali zinachanika. Hapa, kwa mara ya kwanza siku hiyo, mimi ndiye niliyetoa somo. Ngazi hushukwi hivyo. Unageuka, uso kwenye mwamba, mguu mmoja unatafuta chini polepole, mikono haiachii mpaka mguu umepata. Nilishuka hivyo, kama nashuka kutoka kwenye mtambaapanya na ndoo. Mama akanitazama kutoka chini, akasema, "Sasa umefika kazini."

Nilisema nitarudi kwenye sababu ya kuanza mapema. Ni upepo. Asubuhi mlima umetulia. Jua likishachoma tambarare, hewa ya moto inapanda miteremko, na ikifika kwenye mgongo inapita juu kwa fujo. Haiji kwa mfululizo; inakuja kwa makofi. Anayebeba mabati anajua: upepo wa mfululizo unauzoea, unaegemea nao, lakini kofi linakuja umeshaegemea, kisha linaacha ghafla, na bati linakwenda na wewe. Kuelekea saa saba hivi lilinijia kofi la namna hiyo mahali pembamba. Sikufikiri aibu wala watoto. Nilichuchumaa, mkono mmoja kwenye jiwe nililokwisha kuligonga, nikangoja. Kofia yangu ndiyo iliyoendelea na safari. Ilizunguka juu ya shimo kwa muda mrefu wa kushangaza, inapanda badala ya kushuka, halafu ikaamua. Nadhani iko kwenye ile miti.

Upande wa mbali wa ukingo ni mrefu na wa kuchosha. Panda, shuka, vumbi, panda. Magoti yakaanza kulia. Mara moja tulisikia sauti za watoto, tukasimama kutafuta, tukawaona ng'ambo ya shimo, mstari wa sweta unaokwenda kama siafu, filimbi inalia nyuma. Sauti ilitufikia kwa kuchelewa, kama imepitia chini kwanza. Mmoja alikuwa anaimba. Siwezi kuapa kwamba ni yule wa mandazi, lakini nadhani ni yeye.

Tulifika mjini Longonot karibu saa kumi na moja. Kuna vibanda vya chai kando ya barabara, tukaingia cha kwanza. Mama aliagiza chai na chapati mbili mbili. Nilipokaa ndipo nikaona jinsi nilivyo. Kuanzia vidole hadi kiwiko mweupe, na suruali, ambayo asubuhi ilikuwa nyeusi, ina duara mbili kubwa za majivu kwenye magoti, safi kabisa, kama zimepakwa rangi kwa brashi.

Mwenye kibanda alileta chai, akaziona. Mlimani huenda watu wa kila aina, wengine hupanda kufunga na kuomba, kwa hiyo akashusha sauti kwa heshima.

"Mzee, ulipanda kwa maombi?"

Nilikuwa bado natafuta jibu.

"Aliomba kutoka mwanzo mpaka mwisho," Mama akasema, akavuta chapati yake.